Idhaa ya Cairo: Kutoka Suez hadi Juni 1967

Wajukuu zetu wa Muscat na London hutuuliza kwa nini wazee wao wa Unguja na Mombasa waliisadiki redio ya Cairo kiasi kile. Sawt al-Arab ilianza tarehe 4 Julai 1953, nusu saa tu kwa siku, na mwaka wa pili yake Cairo ikawa inatangaza kwa Kiswahili pia. Lakini imani ile haikuletwa na ufasaha wa watangazaji peke yake. Ilitokana na vita vya Suez.

Waingereza nao walikuwa na idhaa yao ya Kiarabu huko Kupro, Sharq al-Adna, ikijidai kuwa ni ya biashara, na watu wakiipenda. Tarehe 30 Oktoba 1956 serikali iliitwaa waziwazi na kuiita Sauti ya Uingereza. Watangazaji wake Waarabu wakaacha kazi, na sifa ya miaka kumi na mitano ikapotea kwa siku chache. Tarehe 2 Novemba ndege zikaipiga mitambo ya Abu Zaabal. Cairo iliponyamazishwa, redio ya Damascus ikaita, "Huna al-Qahira", yaani hapa ni Cairo.

Cairo ilikuwa ikisema kwamba Uingereza, Ufaransa na Israeli wamekula njama. Eden alikana bungeni tarehe 20 Desemba. Baadaye mapatano ya siri ya Sèvres yakajulikana, na Cairo ikaonekana ndiyo iliyosema kweli. Hiyo ndiyo rasilimali ambayo Ahmed Said, mkuu wa Sawt al-Arab, aliingia nayo katika vita vya 1967.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 5 Juni, jeshi la anga la Misri liliteketezwa sehemu kubwa likiwa chini, kwa muda wa saa chache. Redio ikawa inatangaza makumi ya ndege za adui zilizoangushwa. Israeli, kwa makusudi, haikutangaza ushindi wake siku nzima, ili isije ikalazimishwa kusimamisha vita mapema. Basi uwongo ukapata uwanja mtupu. Na haukuwadanganya wasikilizaji tu: Mfalme Hussein alipelekewa khabari na wakuu wa jeshi la Misri kwamba robo tatu ya ndege za Israeli zimeangamizwa. Jordan ikaingia vitani, ikapoteza Ukingo wa Magharibi na Jerusalem ya Mashariki.

Sisi wanahistoria tunapokusanya kumbukumbu za familia, hatuna budi kuzipima kwa mambo haya. Mzee anayehadithia 1956 kama alivyoisikia Cairo huenda amesikia sawasawa; akihadithia siku nne za mwanzo za 1967 kwa redio ile ile, tunamheshimu, lakini hatuandiki mpaka tutazame kwengine. (Na London pia hatuiamini hivi hivi, baada ya Eden.)

Nyumbani kwetu Mombasa, mjomba alikuwa akizihisabu ndege hizo kwa chaki nyuma ya mlango, mstari mmoja kwa kila ndege. Ijumaa usiku, tarehe 9, Nasser alihutubia kutangaza kujiuzulu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kulala bila ya kusema neno. Mistari ile hakuifuta, wala sisi watoto hatukuthubutu kuifuta.