Kinu cha nyuklia kikipata ajali, nani hulipa?

Oktoba 1957, wafugaji wa Cumberland, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, walikamua ng'ombe wao kama kawaida, kisha maziwa yakamwagwa. Tarehe 10 ya mwezi huo moto ulikuwa umegunduliwa ndani ya kinu cha Windscale, kilichotengeneza plutoniamu ya mabomu. Upepo ulibeba iodini yenye mionzi hadi malishoni, ng'ombe wakaila pamoja na majani, nayo ikaingia kwenye maziwa ya watoto. Serikali ilipiga marufuku maziwa ya eneo la takriban kilomita 500 za mraba. Wafugaji walilipwa, maana mwenye kinu alikuwa mamlaka ya serikali yenyewe.

Dawa ya deni ni kulipa. Lakini deni la ajali ya nyuklia halifanani na madeni mengine. Huvuka mipaka ya nchi, hujificha miaka mingi mwilini kabla ya kujitokeza kama saratani, na laweza kuzidi mali yote ya mdeni. Kwa karibu miaka 70 wanasheria wamehangaika kumtafuta wa kulibeba, na kila ajali kubwa imeonyesha kuwa sehemu nzito ya mzigo huishia kwa wananchi.

Mwezi mmoja kabla ya moto wa Windscale, Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kwanza ya aina hii, iliyopewa majina ya mbunge Melvin Price na seneta Clinton Anderson. Machi mwaka huohuo, wataalamu wa maabara ya Brookhaven walikuwa wamekadiria kwamba ajali mbaya kabisa ingeweza kuua watu 3,400, kujeruhi 43,000 na kuharibu mali ya dola bilioni 7. Kampuni za umeme ziliogopa kufilisika. Kampuni za bima, hata zilipounganisha nguvu, zilikubali kubeba dola milioni 60 tu. Bunge likaamua serikali iongeze milioni 500, na zaidi ya hapo asidaiwe mtu. Hesabu yake ni nyepesi: kwa kila dola moja ya hasara iliyokadiriwa, mwathirika alihakikishiwa senti 8. Sheria hiyo ilikusudiwa kuisaidia sekta changa kwa miaka 10. Imeongezewa muda mara kadhaa, na sasa itatumika hadi 2065.

Ulaya ilifuata kwa Mkataba wa Paris wa 1960, na mwaka 1963 ukaja Mkataba wa Vienna uliofunguliwa kwa mataifa yote. Mikataba hii ilimpa mwathirika jambo kubwa: hahitaji kuthibitisha uzembe. Akionyesha kuwa madhara yake yametokana na ajali, mwendeshaji wa kinu anawajibika, na lazima awe na bima. Anayedaiwa ni mwendeshaji peke yake. Aliyemuuzia mtambo haguswi. Kwa upande wa pili, fidia ikawekewa ukomo, na madai yakapewa miaka 10. Chini ya Mkataba wa Vienna, nchi iliruhusiwa kuweka ukomo wa chini hadi dola milioni 5.

Kisha ikaja ajali ya kinu cha Chernobyl, katika Umoja wa Kisovieti, Aprili 26, 1986. Wingu la mionzi lilisambaa Ulaya nzima, lakini Umoja wa Kisovieti haukuwa mwanachama wa mkataba wowote kati ya hiyo miwili. Haukulipa fidia kwa nchi yoyote ya jirani. Ujerumani Magharibi, Sweden na Uingereza zililipa wakulima wao kutoka hazina zao. Katika milima ya Wales, vikwazo vya kuuza kondoo viliondolewa 2012, miaka 26 baadaye.

Chernobyl iliamsha waliolala. Mwaka 1988 itifaki iliunganisha mikataba ya Paris na Vienna. Mwaka 1997 Mkataba wa Vienna ulirekebishwa: madai ya vifo na majeraha yakapewa miaka 30, na kiwango cha chini cha fidia kikapandishwa mara nyingi. Marekebisho ya Mkataba wa Paris, yanayomtaka mwendeshaji abebe angalau yuro milioni 700, yalisainiwa 2004 lakini yakaanza kutumika 2022.

Japani ilikuwa imechagua njia kali zaidi. Sheria yake ya 1961 haikumwekea mwendeshaji ukomo wowote. Alidaiwa hadi senti ya mwisho. Machi 11, 2011, tetemeko na tsunami vilisababisha ajali katika kituo cha Fukushima Daiichi cha kampuni ya TEPCO, na watu wapatao 160,000 wakaacha makazi yao. Sheria ilikuwa na mwanya kwa janga la asili lisilo la kawaida, lakini serikali haikukubali kampuni ijifiche humo. Bima ya lazima ilikuwa yeni bilioni 120. Fidia iliyolipwa imepita yeni trilioni 10.

TEPCO isingeweza kuilipa peke yake. Serikali iliunda chombo maalumu cha kuikopesha, na mwaka 2012 ikaweka yeni trilioni 1 na kuwa mmiliki mkuu. Sehemu ya mkopo huo hurudishwa kupitia bili za umeme. Waliohamishwa walipoishtaki serikali kwa kutoisimamia kampuni ipasavyo, Mahakama ya Juu iliamua Juni 17, 2022 kwamba serikali haiwajibiki. Kwa hiyo hata dhima isiyo na ukomo ina ukomo wake, nao ni mfuko wa mdeni.

Jambo hili si la mbali tena. Kenya ina mpango wa kujenga kinu chake cha kwanza, na mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, kwenye pwani ya Kilifi, waliandamana kuupinga. Atakayeunga mkono mradi kama huo na atakayeupinga wana haki ya kuuliza maswali yaleyale kabla jiwe la msingi halijawekwa. Bima ni kiasi gani? Ukomo wa fidia uko wapi? Mvuvi atadai kwa miaka mingapi, na mbele ya mahakama ipi? Majibu yaandikwe katika sheria mapema, yasomwe hadharani kwa lugha ambayo mvuvi anaielewa. Baada ya ajali, muda wa kupatana bei umekwisha.