Miungu ya Skandinavia katika majina, picha na michezo ya Texas

Visasili vya Skandinavia, vilivyosimuliwa kaskazini mwa Ulaya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, vingali vinatumika Dallas, Fort Worth na Houston, katika jimbo la Texas, Marekani. Majina ya miungu hiyo na makao yake yamepewa baa ya chuo kikuu, yameingizwa katika mchezo wa kompyuta na yamewekwa juu ya picha za miezi ya mbali. Kwa Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongo waliofanya makazi katika miji hiyo, jambo hili linazua swali: kwa nini hadithi za watu fulani husafiri dunia nzima, na za wengine hubaki nyumbani?

Asili ya visasili

Odin, mkuu wa miungu hiyo, alitoa jicho lake moja ili aruhusiwe kunywa maji ya kisima cha hekima. Mwanawe Thor alitawala radi, akipigana na majitu kwa nyundo yake. Loki, mwingi wa hila, mara aliiokoa miungu wenzake, mara aliitosa. Mwisho wa yote ulikuwa umekwisha kutabiriwa: Ragnarok, vita ambavyo miungu yenyewe ingeangamia.

Watu wa Iceland waliupokea Ukristo mnamo mwaka 1000. Takriban karne mbili baadaye, mnamo mwaka 1220, mwanasiasa na mshairi Snorri Sturluson aliviandika visasili hivyo katika kitabu kiitwacho Edda. Snorri mwenyewe alikuwa Mkristo. Alichohofia ni kwamba washairi vijana, wasipozijua hadithi za kale, wasingeweza tena kuyafahamu wala kuyatunga mashairi ya mababu zao. Hivyo hadithi hizo zilihifadhiwa kwa kalamu ya mtu ambaye hakuiabudu miungu iliyomo ndani yake.

Hata kalenda ya Kiingereza inaibeba miungu hiyo, kwa matamshi ya Waingereza wa kale. Jumanne ni siku ya Tyr, Jumatano ni ya Odin, Alhamisi ya Thor na Ijumaa ya Frigg, mkewe Odin.

Kijiji cha Norse

Kusini-magharibi mwa Dallas na Fort Worth, katika wilaya ya Bosque, kipo kijiji kiitwacho Norse, yaani cha watu wa kaskazini. Kilianzishwa na wahamiaji kutoka Norway mwaka 1854. Hapo ndipo alipozikwa Cleng Peerson, aliyewaongoza Wanorway wengi kuhamia Marekani na kufariki dunia mwaka 1865. Mfalme Olav wa Tano wa Norway alikizuru kijiji hicho mwaka 1982.

Hata hivyo, wahamiaji hao walikuwa Wakristo wa Kilutheri, na alama yao kuu kijijini ni kanisa. Odin na Thor hawakufika Texas katika mizigo ya wakulima hao. Walifika kwa njia ya vitabu, na baadaye katuni na filamu. Kampuni ya Marvel ilianza kuchapisha hadithi za katuni za Thor mwaka 1962.

Houston: kutoka baa hadi anga za juu

Katika Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, baa ya wanafunzi wa shahada za juu inaitwa Valhalla. Katika visasili, Valhalla ni ukumbi wa Odin, ambamo mashujaa waliouawa vitani hupigana mchana kutwa na usiku wakala na kunywa pamoja. Si vigumu kuona kwa nini jina hilo liliwavutia watu wanaoshinda maabara.

Jina hilohilo limefika mbali zaidi. Chombo cha anga za juu Voyager 1 kilipopita karibu na sayari ya Mshtarii mwezi Machi 1979, kilipiga picha za Callisto, mmojawapo wa miezi ya sayari hiyo. Picha zilionyesha kovu la mgongano wa kale: doa jeupe lililozungukwa na duara nyingi, mithili ya viwimbi vya bwawa lililotupiwa jiwe, zinazofika takriban kilomita 1,800 kutoka katikati. Kovu hilo lilipewa jina la Valhalla. Jingine, dogo kuliko hilo, liliitwa Asgard, yaani makao ya miungu.

Io, mwezi mwingine wa Mshtarii, una volkano nyingi zilizo hai. Bonde moja la volkano, lenye upana wa kilomita 200 hivi, linaitwa Loki. Mwezi Agosti 2001 chombo cha Galileo kiligundua mlipuko uliorusha gesi hadi kimo cha kilomita 500 hivi, na mahali hapo pakaitwa Thor.

Vyombo hivyo viliongozwa kutoka California, lakini Houston ina mchango wake. Mwaka 2010 Paul Schenk, mtafiti wa Taasisi ya Mwezi na Sayari iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1968, alichapisha atlasi ya miezi mikubwa ya Mshtarii iliyotokana na picha hizo.

Dallas: imani iliyogeuzwa kanuni za mchezo

Mwaka 2002 studio ya Ensemble, iliyokuwa na makao yake Dallas, ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Age of Mythology. Mchezaji huchagua kuongoza Wagiriki, Wamisri au watu wa Skandinavia. Wagiriki hupata hisani ya miungu kwa kusali, Wamisri kwa kujenga minara, na watu wa Skandinavia kwa kupigana. Kwa kufuata kanuni hizo tu, kijana hujifunza jambo kuhusu jinsi jamii hizo zilivyoaminika kuishi na miungu yao. Studio hiyo ilifungwa mwaka 2009, lakini toleo jipya la mchezo lilitolewa na watengenezaji wengine mwaka 2024.

Katika mchezo wa awali, Misri ndiyo nchi pekee ya Afrika ambayo mchezaji angeweza kuichagua.

Nafasi ya Afrika

Afrika haikusahauliwa kila mahali. Io hupewa majina ya miungu ya moto, jua na radi kutoka mataifa mengi, na miongoni mwake limo la Ruwa, neno ambalo kwa Wachagga wa Kilimanjaro hutaja jua na pia Mungu. Mjini Houston, tamasha la picha la FotoFest la mwaka 2020, lililosimamiwa na Mark Sealy kutoka London, lilihusu mitazamo ya Kiafrika juu ya ulimwengu. Lilikatizwa mapema na janga la korona.

Wala hadithi za Afrika Mashariki hazina upungufu wa utamu. Baldr, mwana wa Odin, hakuweza kudhuriwa na kitu chochote isipokuwa mmea mmoja mdogo. Loki aliigundua siri hiyo, na Baldr akauawa kwa mkono wa nduguye kipofu. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya Waswahili, hakuweza kuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni; maadui waliipata siri kupitia mwanawe, naye ndiye aliyemchoma.

Muhammad Kijumwa wa Lamu aliutunga utendi wa Liyongo mwaka 1913, akifanya kwa Waswahili kazi kama ile ya Snorri. Tofauti imo katika yaliyofuata. Edda ilichapishwa, ikatafsiriwa na kufundishwa, kisha ikaachiwa wachoraji, wanaastronomia na watunzi wa michezo waitumie wapendavyo. Mtoto wa Kiafrika Mashariki aliyezaliwa Dallas hulijua jina la Thor kwa kucheza tu. La Liyongo atalijua iwapo yupo nyumbani mtu wa kumsimulia.