Chombo Kimoja, Masikio Mengi: Redio na Mwenendo Wetu wa Kila Siku

Utamaduni wa taifa si ngoma, mashairi na mavazi peke yake. Utamaduni ni pia jinsi watu wanavyoamkiana, saa wanayokula, mahali wanapokaa jioni, na namna wanavyopokea habari ya msiba. Mambo haya hayapewi nafasi kubwa katika vitabu vya historia, lakini ndiyo yabadilikayo kwanza chombo kipya kinapoingia nyumbani. Katika insha hii tutaitazama redio, kwa kuwa ni vichache vyombo vilivyogeuza mwenendo wa watu wetu kwa upana kama hicho katika karne ya 20, na kwa kuwa historia yake ina fundisho linalotuhusu leo.

Utangazaji katika Tanganyika ulianza mwaka 1951, kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam, ambacho mawimbi yake hayakufika mbali na mji huo. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kituo kikawa mali ya serikali na kupewa jina la Redio Tanzania Dar es Salaam. Redio za mwanzo zilikuwa kubwa na za bei kali. Redio ndogo za transista zilipoenea katika miaka ya 1960, mkulima aliyekaa mbali na nguzo za umeme aliweza kuisikia sauti ya taifa lake kwa mawe machache ya betri.

Tangu hapo mwenendo ukaanza kugeuka. Watu waliozoea kuhesabu wakati kwa jua, kwa jogoo na kwa adhana, sasa walipanga jioni yao kwa kufuata taarifa ya habari. Mgeni aliyejua adabu hakupiga hodi wakati habari zikisomwa, au akipiga, aliingia na kuketi kimya. Msiba nao ukapata njia mpya. Zamani mjumbe alitumwa kwa miguu, au simu ya maandishi ilipelekwa posta na kungoja siku. Katika matangazo ya vifo, jina la marehemu lilisomwa pamoja na majina ya jamaa zake na miji waliyokaa, na ukoo uliotawanyika mikoani ukasikia kilio kimoja kwa wakati mmoja.

Lakini si kila badiliko lilikuwa faida tupu. Kipindi cha Mama na Mwana kiliwapa watoto wengi hadithi tamu, na tunakishukuru. Hata hivyo, bibi aliposema "Paukwa!" alingoja watoto waitikie "Pakawa!" na asipowasikia alijua wamesinzia. Redio haingoji jibu. Mtoto aliyekuwa mshiriki wa hadithi akawa msikilizaji wake tu.

Kilichoiokoa redio na upungufu huo ni baraza. Kwa kuwa redio zilikuwa chache, mwenye nayo hakuifungia chumbani. Aliitoa nje, majirani wakaketi kwenye mikeka na vigoda. Habari zilipokwisha, mazungumzo yalianza: huyu akiuliza, yule akipinga, mzee akifafanua. Chombo kilisema mara moja, na watu wakasema mara kumi.

Serikali iliitambua nguvu hiyo. Baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, palifanyika kampeni za kujifunza kwa redio, na mwaka 1973 ikafuata iliyo kubwa kuliko zilizotangulia, yaani Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu wapatao milioni 2 wakajiunga katika vikundi nchi nzima. Kwa muda wa majuma 12 kila kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi, kikasomewa sura ya kitabu na mwenzao ajuaye kusoma, kisha kikajadili malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Mwisho wa mkutano liliulizwa swali moja: sisi wa hapa tutafanya nini? Majibu yalikuwa ya jembe na panga. Majani yalifyekwa karibu na nyumba, madimbwi yakafukiwa, na vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu.

Hatusemi kwamba kila choo kilitumika, wala kwamba maradhi yalikoma. Kipindupindu kilienea nchini mwaka 1977 na 1978, kikatukumbusha kuwa usafi si kazi ya msimu mmoja. Lakini lililo muhimu kwa mwanahistoria ni hili: watu wengi hawakuchimba choo kwa sababu redio ilisema. Walichimba kwa sababu waliisikiliza pamoja, wakakubaliana pamoja, na kila mmoja akajua kwamba jirani yake atamwuliza kesho shimo limefika wapi. Redio ilileta maarifa. Baraza ndilo lililoyageuza kuwa mwenendo.

Tuje sasa katika zama zetu. Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970 na Tanzania Bara mwaka 1994; simu za mkononi zikafuata katika muongo huohuo, na tangu mwaka 2008 fedha hutumwa kwa simu. Mwenye kuzibeza simu hizi hajui shida ya mzazi wa kijijini aliyengoja mwezi mzima fedha za mwanawe, wala ya mama mjamzito aliyehitaji gari usiku. Ni neema. Lakini zimegeuza mpango wa baraza. Zamani chombo kilikuwa kimoja na masikio mengi. Leo kila sikio lina chombo chake. Watu watano huketi kwenye mkeka mmoja, kila mmoja akicheka jambo lake. Ushauri wa afya humfikia mtu peke yake usiku, wa kweli na wa uongo ukiwa umechanganyika, na hapana mzee wa kuuliza, "Hili umelitoa wapi?" Maarifa yamekuwa mengi, lakini azimio la pamoja limekuwa adimu.

Chombo hakina adabu yake chenyewe. Adabu hupewa na watu wanaokitumia. Wazee wetu hawakuikataa redio, wala hawakuiacha iwatawale. Waliitafutia mahali pa kukaa, saa ya kusikilizwa na kanuni ya kuizungumzia. Kazi hiyo ndiyo iliyobaki kwetu kuhusu simu, na shule ni mahali pafaapo kuianzia. Mwalimu anaweza kuchagua habari moja ya afya kutoka katika simu moja, akaisoma mbele ya darasa, wanafunzi wakaipima ukweli wake na kuijadili bila haraka. Kisha, kabla kengele haijalia, awaulize lile swali la mwaka 1973: sisi wa hapa tutafanya nini?