Ngano ya Basotu na Malisho ya Wabarbaig

Magharibi ya mlima Hanang, katika nchi ambayo zamani ilihesabiwa kuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu, ziko nyanda za Basotu, zenye udongo uliorutubishwa na volkano za kale, na ndani yake mabonde ambayo Wabarbaig, walio tapo la Wadatoga, huyaita muhajega. Nyasi za muhajega ndizo walizozithamini kupita malisho mengine yote, na kwa sababu hiyo hawakuzilisha mwaka mzima, bali waliingiza ng'ombe kwa majira yake, wakawahamisha ili nyasi zipumzike, wakarejea mvua iliporudi. Kadhia iliyofuata yote yatokana na jambo hili moja, kwamba mgeni aliyefika wakati malisho yamepumzishwa aliona nchi tupu isiyokuwa na mwenyewe.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitaka taifa lijitosheleze kwa chakula, na watu wa mijini walikuwa wamezoea mkate ambao ngano yake aghalabu ilinunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni zilizokuwa adimu. Kanada, dola iliyobobea katika kilimo cha ngano, ilikubali kusaidia. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, maarufu kwa jina la NAFCO, likafungua shamba la Basotu, kisha yakafuata Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret, kila moja likikaribia eka 10,000. Kanada ikatoa matrekta, mashine za kuvunia, vipuri na wataalamu, tena ikawasomesha vijana wa Kitanzania wakapata ujuzi wa kweli. Ngano ilipatikana kwa wingi, na haifai kulikana hilo. Walakini mashine zile zilihitaji watu wachache tu, na kila kilichovunjika kilingoja kipuri kutoka ng'ambo, hata shamba lililokusudiwa kulipunguzia taifa utegemezi likawa lenyewe laishi kwa ihsani ya mfadhili.

Katika hesabu za mradi, ardhi iliandikwa kana kwamba haina bei. Faida ilipimwa kwa magunia, na hakuna safu iliyotengewa maziwa ambayo hayakukamwa tena, wala ng'ombe waliosongamana katika malisho duni yaliyosalia. Njia za kupitishia mifugo kwenda majini zilifungwa, na aliyekatiza shamba alikamatwa au kutozwa faini. Ardhi iliyolimwa mfululizo ikawa tupu mbele ya upepo na mvua, ikachimbika makorongo.

Lililoumiza kupita hayo yote ni la maziara. Mzee wa heshima wa Kibarbaig huzikwa kwa bung'eda, mazishi yanayochukua miezi mingi, ukoo ukijenga juu ya kaburi kichuguu kirefu cha udongo, tabaka juu ya tabaka, na mahali pale hubaki pa tambiko kwa vizazi. Makaburi kadhaa ya namna hiyo yalikuwamo ndani ya mashamba, na majembe ya matrekta yakayasawazisha na ardhi. Wazee waliandika barua ya wazi kwa watu wa Kanada, wakiwaeleza yaliyotendeka kwa msaada wao, na kwa maoni yangu hakuna hati ya mradi ule iliyo na uzito kuishinda.

Wabarbaig walikwenda mahakamani pia. Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji walilishitaki shirika mwaka 1981, Mahakama Kuu ikawapa haki na kuamuru walipwe, lakini Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile, kwa hoja kwamba kijiji hakikuthibitisha kugawiwa ardhi kisheria, na kwamba walalamikaji wengi hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Ati Mbarbaig athibitishe uenyeji wake Hanang! Mwaka 1987 serikali ikatoa amri ya kufuta haki za kimila juu ya ardhi ile.

Wakati huohuo, mbali sana katika bahari ya Pasifiki, kisiwa cha Nauru, ambacho fosfeti yake ilichimbwa na wageni hata sehemu kubwa ya ardhi ikabaki mashimo na miamba, kiliishitaki Australia mbele ya Mahakama ya Kimataifa mwaka 1989, na mwaka 1993 Australia ikakubali kulipa. Nauru ilikuwa dola, yenye sauti yake. Wabarbaig walikuwa raia wa dola iliyokuwa upande wa pili wa shauri lao. Mwaka huohuo wa 1993 tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Kisanga ilitoa taarifa yake juu ya uvunjaji wa haki za binadamu katika mashamba ya Hanang. Msaada wa Kanada ulikwisha katika miaka hiyo, na mashamba, yaliyokosa vipuri na fedha, yakadhoofu, hata serikali ilipoyaondoa mikononi mwa shirika, mengine yakapewa wawekezaji na mengine yakagawiwa wananchi. Waliogawiwa walipata eka za kulima, kila mtu na kipande chake. Muhajega, iliyokuwa malisho ya wote, haikurudishwa.