Saa Sita ya Juba

Katika vitabu vyetu vingi somo la saa huchukua ukurasa mmoja. Mwanafunzi huambiwa aongeze au apunguze sita, kisha tunaendelea na somo jingine. Historia ya mji wa Juba inatuonyesha kwamba jambo hili lahitaji uangalifu zaidi.

Tuanze na sekunde, ambayo haina ubishi. Tangu 1967 mataifa yamekubaliana kwamba sekunde ni muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya seziamu. Mitambo ya kupimia mitetemo hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya maabara na mitambo ya mawasiliano. Ilipozeeka iliuzwa kwa bei ya mtumba, na wapenzi wa redio na saa huko Marekani na Ulaya huinunua hadi leo. Mnunuzi makini huuliza kwanza hali ya bomba la seziamu, kwani likichoka mtambo hubaki sanduku tu.

Hata hivyo, mtambo huo hauwezi kutuambia sasa ni saa ngapi. Hilo huamuliwa na serikali pamoja na lugha. Mnamo 15 Januari 2000 serikali ya Khartoum ilisogeza saa za Sudani mbele kwa saa moja, na Juba ikalingana na Kampala na Nairobi. Sudani Kusini ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 iliendelea na saa hiyo. Sudani ilirudi nyuma 1 Novemba 2017, na Sudani Kusini ikafanya hivyo 1 Februari 2021.

Kwa mwalimu wa Kiswahili badiliko hilo si dogo. Kabla ya 2021 jua la Juba lilichomoza karibu na saa moja asubuhi. Sasa huchomoza karibu na saa kumi na mbili, kama hesabu yetu inavyotarajia. Lakini msafiri anayevuka mpaka kutoka Nimule kwenda Elegu, Uganda, hana budi kusogeza saa yake mbele.

Tatizo kubwa zaidi limo katika neno lenyewe. Kiswahili kilikopa saa, sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, na maneno hayo yamo pia katika Kiarabu cha Juba. Huko, saa sita ni wakati ambapo akrabu fupi imeelekea 6. Kwetu, saa sita ni adhuhuri au usiku wa manane. Mwanafunzi wa Juba anayesikia "njoo saa sita" hafikirii kuwa amekutana na neno geni, kwa hiyo haulizi, na miadi inapotea.

Tunapendekeza basi kwamba huko Juba somo lianze na jua wala si na hesabu: asubuhi, adhuhuri, jioni, kisha saa zake. Aidha, mwanafunzi azoeshwe kuuliza, "Saa sita ya mchana?"