Juu ya nini video inakuwa na karo-karo, na namna ya kuzipunguza

Wakaaji wengi wa mashariki ya Congo wanapata habari kupitia video za simu. Mara nyingi video hizo zinafika na karo-karo: miraba midogo kama karo za chini ya nyumba, inayofunika sura ya mutu, numero ya plaki ao maandishi ya ukuta. Wengine wanafikiri simu imeharibika, wengine wanasema video ni ya uongo. Mara nyingi haiko hivyo. Video imefinywa tu, ili ipite kwa rezo.

Karo zinatoka wapi?

Picha ya video inafanywa na doti ndogo-ndogo zinazoitwa pikseli. Video ya pikseli 1280 kwa 720 iko na pikseli 921 600 kwa kila picha. Kama kila pikseli inachukua bayiti 3, na picha 25 zinapita kwa segonde moja, bila kufinya segonde hiyo moja ingekula karibu mega 69. Forfe ya mwezi mzima ingeisha kwa dakika chache tu.

Ndiyo maana simu inafinya. Inakata kila picha katika miraba, kwa mfano ya pikseli 8 kwa 8, na kila mraba unapitishwa peke yake katika hesabu iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao, ao hesabu iliyo karibu nayo. Hesabu inatenga mambo makubwa ya mraba, kama mwangaza wake wa jumla, na mambo madogo, kama nyuzi za nguo ao mikunjo ya uso. Yale madogo njo yanatupwa kwanza. Mega zikizidi kupunguzwa, yanatupwa mengi zaidi, mpaka mraba mzima unabaki na rangi moja. Mraba wa jirani nao umehesabiwa peke yake, kwa hiyo rangi zao hazilingane tena, na jicho linaona mupaka kati yao. Hiyo njo karo.

Zinaonekana zaidi pahali rangi inabadilika polepole: mawingu, ukungu, ukuta, giza. Usiku wa tarehe 22/5/2021, Nyiragongo ilipolipuka, anga la Goma lilikuwa jekundu. Picha ya namna ile, wekundu unaofifia polepole katika giza, ni ngumu sana kufinya bila karo. Tena usiku kamera ya simu inaleta chembechembe nyingi, na chembechembe hizo zinakula nafasi ambayo ingetumika kwa sura za watu.

Karo za aina ingine

Kuna pia karo kubwa za rangi za ajabu, zinazovuta picha ao kuiganda, kama kwenye televizyo ya satelite wakati wa mvua kali. Hizo zinatoka kwa data iliyopotea njiani. Picha nyingi katika video zinategemea picha zingine za karibu, basi kosa linaendelea mpaka picha nzima mpya ifike. Hizo zinaweza kupona: mara nyingi inatosha kupakua video tena pahali rezo iko nzuri. Karo za kufinya haziponi hivyo.

Kazi ya filtre

VCD zilizouzwa sana masokoni zilitumia MPEG-1, kanuni ya mwaka 1993, na picha ya pikseli 352 kwa 288. Kanuni hiyo haikuwa na filtre ya kulainisha mipaka. H.264, iliyotoka mwaka 2003 na inayotumiwa na simu nyingi, iliiweka ndani. Filtre inapita kwenye mipaka ya miraba na kupima tofauti ya rangi. Tofauti ikiwa ndogo, inaihesabu kama alama ya kufinya, na inalainisha mpaka pikseli 3 kila upande. Ikiwa kubwa, kama bati la nyumba mbele ya anga, inaiacha, sababu huo ni mupaka wa kweli.

Kwa video za zamani, VLC inaweza kulainisha wakati wa kuonyesha, na FFmpeg, programu ya bure, inaweza kutengeneza faili mpya iliyolainishwa.

Kulainisha si kurudisha

Filtre inaficha mupaka, lakini hairudishe kilichotupwa. Plaki isiyosomeka itabaki isiyosomeka, hata kama picha imekuwa laini. Aplikasio za akili bandia zinazoahidi kusafisha sura zinaenda mbali zaidi: zinachora macho na midomo kwa kufuata sura zingine zilizojifunza. Sura hiyo mpya inaweza kufanana na kijana fulani wa kartie ambaye hakuwa pale. Pahali ambapo umati unaweza kumupiga mutu juu ya video moja, picha iliyosafishwa hivyo isichukuliwe kuwa ushahidi.

Namna ya kupunguza karo

– Kupiga video pahali penye mwangaza, na kuegemeza mikono. Video inayotikisika inahitaji mega nyingi zaidi.
– Kusogea karibu kama hakuna hatari, kuliko kutumia zumu ya simu.
– Kukata urefu wa video mbele ya kukata ubora. Segonde 20 safi zinasaidia kuliko dakika 5 za karo.
– Kwa WhatsApp, kutuma video kama dokima. Tangu mwaka 2022 inapokea faili mpaka giga 2, na haiifinye.
– Kuepuka kupiga video ya kioo cha simu ingine, ao kuipakua na kuiweka tena kwa mitandao. Kila safari ya namna ile inaweza kuifinya tena.
– Kuchunga faili ya kwanza kwa simu iliyoipiga ao kwa memori kadi. Kama kesi inafika mbele ya tribinali, hiyo njo iko na mambo mengi ya kuonyesha kuliko kopi zote zilizotembea mu magrupu.