Uonevu Bwenini: Tulikotoka na Deni Tunalodaiwa



Sisi tuliolala mabwenini tunaukumbuka usiku wa kwanza wa kidato cha kwanza. Wakubwa walifungua sanduku lako, na sukari uliyofungiwa na mama ikaisha kabla taa hazijazimwa. Ukaitwa "mono", ukafua soksi za watu usiowajua. Mwaka uliofuata, wengi wetu tuliwatendea wageni vivyo hivyo. Walimu walijua, wakasema ndiko kukomaa.

Desturi hiyo ina asili yake. Shule za bweni za wakati wa ukoloni ziliiga zile za Uingereza, ambako wanafunzi wakubwa walipewa mamlaka juu ya wadogo, hata kuwatuma kama watumishi. Baada ya uhuru tulijenga shule za harambee kwa jasho letu, lakini mazoea ya bwenini yakabaki yale yale.

Mwaka 2001 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Hata hivyo, sheria haimfundishi matroni la kufanya anaposikia kilio usiku.

Wanorwe waliligundua hilo mapema. Mwishoni mwa 1982 wavulana 3 walijiua, na uonevu wa wenzao ukatajwa kuwa chanzo. Mwaka 1983 kampeni ilianza katika shule za nchi nzima. Mjini Bergen, Profesa Dan Olweus alifuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika shule 42. Watoto walijibu maswali bila kuandika majina, walimu wakasimamia mapumziko kwa karibu, na wazazi wakaitwa. Katika miaka 2, uonevu ulipungua kwa karibu nusu.

Sisi tunaotunza hesabu za chama tunajua kwamba saruji huonekana. Darasa jipya hupigwa picha. Mtoto aliyeepushwa na mateso hana picha. Hata hivyo, mwaka huu tunaomba mchango wa mafunzo kwa walimu, matroni, wapishi na walinzi wa shule yetu, kwani mara nyingi mlinzi wa langoni ndiye wa kwanza kukutana na mtoto anayetoroka.

Zamani tulinyamaza kwa kukosa wa kumwambia. Tuchange, ili watoto wetu wampate.